Kumuchunguza Mukwe

Kwetu, kijana akitaka kuoa binti wa bantu, ba mama njo banaendaka kuulizia tabia yake. Lakini bibi yangu Régine, mama ya mutoto wangu, alikufa mu hospitali yenye haikuwa na oksijeni. Bakubwa ba inchi, beye banajitibishaka Ulaya. Basi wakati Mumbere, mufanya-biashara mwenye kutoka Butembo, alituma neno asema atakuja siku ya dimanche kupiga hodi juu ya kuoa Syntiche, mutoto wangu wa pekee, hakukuwa muntu wa kumuchunguza. Kuuliza polisi? Polisi yetu inatafutaka kofia yenye iko ku kichwa yake. Nikajifanya detektive miye mwenyewe.

Syntiche akacheka: "Papa, weye detektive? Unashindwaka kuona chumvi ku meza!"

"Utaona."

Nilikuwa natafuta kosa moja tu ya ule kijana, kubwa kidogo, mutoto abakie ku nyumba. Akienda, mangaribi nitaongea na nani?

Nikaenda ku mutaa ya Annexe, kwenye Mumbere iko na depo ya sabuni, nikajifanya muntu wa kutafuta parcelle, kiwanja ya kujenga. Mbele ya depo mama moja alikuwa anauzisha chai. Nikaikala, nikalomba kikombe.

"Mama, ule kijana wa depo, iko muntu muzuri?"

"Mwenye kununua parcelle anaulizaka tabia ya muuza sabuni?"

"Si nitakuwa jirani yake!"

"Aa, sawa. Hanywi, hapigani, kila dimanche iko mu kanisa. Tena anaimba vibaya."

Roho yangu ikafurahi. "Vibaya sana?"

"Sana, Papa Syntiche. Ongeza sukari."

Kikombe kikasimama njiani. "Nani alikuambia jina ya mutoto wangu?"

"Ni wewe. Juma iliyopita nilipita kwako ku mutaa ya Hewa Bora na beseni ya maharagi, nikakuuliza kama binti yako ana heshima. Ukanihubiria juu ya barabara, umeme, gavana, mpaka nikataka kukuachia beseni nikimbie. Mimi ni Émerance, shangazi ya Mumbere. Jamaa ilinituma."

Kumbe detektive alichunguzwa ku mulango yake mwenyewe!

"Na juu ya mutoto, nilisema nini?"

"Neno moja tu. Ulisema inchi yote imeharibika, ni Syntiche peke yake mwenye angali anasimama." Akanimiminia chai ingine bila kuuliza. "Nikaambia batu betu: binti ni muzuri, baba ndiye tatizo, tutamuzoea. Na wewe, Papa, utaenda kusema nini?"

Nikainua kikombe. Chai yake ilikuwa nzuri, hiyo nayo ilinikasirisha.

Ku nyumba, Syntiche alikuwa anapika bukari, ugali ya kwetu.

"Detektive, ulipata nini?"

"Ule kijana iko na tantine, shangazi mwenye anaona sana."

"Ile si kosa."

"Haiko kosa."

Akaacha mwiko, akanitazama, hakucheka tena. "Sasa, papa?"

Nikavua viatu kwanza, polepole.

"Bakuje dimanche."

Akanirukia ku shingo, bukari ikaungua. Nikavaa tena viatu, nikaenda kwa bajirani kulomba viti, juu bantu ba Butembo habatembeake bawili tu.