Pikapu Iliyokaa Eda

Usiku wa jana, nikiwa bado nimekaa eda ya mume wangu, niliota pikapu yake imeingia sebuleni na kukaa kwenye mkeka wangu.

Imejifunga kaniki. Taa zake imeziinamisha chini, kwa adabu. Nikaiuliza imefuata nini. Ikanijibu bila kuinua taa, "Nimekuja tukae pamoja, dada. Nami niko eda."

"Eda ya nani?"

"Ya Mzee Shemboza. Kwani wewe unakaa ya nani?"

Sikupaza sauti. Nyumba yenye eda haipaziwi sauti. Lakini kifua kilianza kunichemka, maana neno hilo nilikuwa nikilingoja tangu marehemu yu hai.

Mume wangu alikuwa akishusha kabichi Mombo na kupanda tena huku kwetu Lushoto. Kila aliporudi, ndani ya pikapu, upande wa abiria, palikuwa na harufu tamutamu, kama manukato ya mwanamke. Zulia la chini limelowa, utadhani kuna mtu katawadhia hapo. Kioo cha mbele kimefanya ukungu kwa ndani, kama watu wawili walikaa humo madirisha yamefungwa, wana mazungumzo yao. Nikiuliza, ananiambia kampa lifti Mwantumu kutoka Soni, na mapeasi yake ya kuuza. Mwantumu ni mjane, anajua kujipaka mafuta mazuri. Sikuhitaji kuambiwa zaidi.

Ndiyo maana siku ya maziko, shemeji yangu Shekalaghe aliponiuliza mlangoni kama nimempa marehemu radhi zangu, niliinamisha kichwa tu. Watu wakasema alhamdulillahi. Mdomo wangu haukusema kitu.

Na jana mchana shemeji huyohuyo alikuja na habari za pikapu. Ikiwashwa kidogo tu inachemka, maji ya rejeta yanapungua, na hakuna anayeona yanakokwenda. Fundi kasema injini imekwisha, asubuhi waje waikokote wakaiuze chuma chakavu. Nikamwambia waichukue, iende na manukato yake.

Sasa hiyo hapo, kwenye mkeka wangu.

"Mke aliye eda hajipaki manukato," nikaiambia. "Wewe unanukia."

"Sijajipaka. Ninavuja."

"Fundi alikutandikia boksi chini, likalala hapo mpaka asubuhi. Likatoka kavu."

"Alilitandika chini ya pua," pikapu ikasema. "Mimi sivuji puani."

Geji ya joto ikatoka kwenye dashibodi, ikatembea kwenye mkeka na kujipachika kwapani mwangu. Mshale ukapanda mpaka kwenye nyekundu. Geji ikatangaza kwamba anayechemka ni huyu mama, na aliyechemka hafunguliwi kifuniko mpaka apoe. Papo hapo nikafungwa tambara mdomoni. Nikaona ni haki. Ndiyo sheria ya rejeta.

Mara sebule inaanza kupanda mlima. Ukuta wa jikoni umekuwa jabali la kona za Soni, na dirisha la chumba cha Zubeda, binti yangu, linaonyesha korongo. Mkeka unapanda, mimi natoa mvuke masikioni. Nakumbuka kwamba niko eda na sitakiwi kutoka nje. Geji inaniambia nisiwe na wasiwasi, sebule ndiyo iliyotoka, mimi sijatoka.

Kwenye kona kali tunasimama. Wananiwekea jiwe nyuma ya kisigino nisirudi chini. Nangoja nipoe.

Rejeta kubwa inashuka kutoka mbele ya gari. Ni bibi mpana, mbavu zake zimejaa majani makavu na nzi waliokufa. Anajipepea.

"Mimi ndiye mke mkubwa," anasema. "Nimekaa mbele miaka yote, upepo wangu, nzi wangu. Maji yakipungua, nasingiziwa mimi. Wamenibadilishia mipira, wamenibadilishia kifuniko. Sijamwaga hata tone."

Nikauliza kupitia tambara, nani basi.

Bibi akaonyesha kwa mdomo. "Yuko mdogo. Kafichwa ndani, nyuma ya dashibodi, miguuni pa abiria."

Nilijua. Nilijua tangu zamani. "Anaitwa Mwantumu," nikasema.

"Anaitwa rejeta ya hita," akasema bibi. "Mzee alikuwa haiwezi baridi ya huku. Maji ya moto ya injini yanapita kwa yule, ndipo anapata joto la miguu."

Nikavua kandambili moja, kwa sababu chumbani kwa mke mwenza huingii na viatu, na nyingine nikaisahau mguuni. Nikafungua mlango wa abiria.

Mume wangu amekaa kwenye usukani, katika sanda yake, safi. Anafuta ukungu wa kioo kwa ncha ya sanda, ukungu unarudi, anafuta tena. Hakushangaa kuniona.

"Mama Zubeda," anasema, "gari hili halipandi. Tangu mnizike niko kona hiihii."

"Lina nini?"

"Kuna kitu hakijafunguliwa."

Nilijua ni kitu gani, lakini wivu ukawahi kujibu. "Mwambie Mwantumu ashuke akusukume."

"Mwantumu hukaa nyuma, na mapeasi yake. Siku zote alikaa nyuma, kwenye baridi." Akafuta kioo. "Alisema hapa mbele miguu inalowa."

Nikainama. Nyuma ya dashibodi, gizani, kuna kitu kidogo kama tofali, kinalia. Tone moja la maji ya kijani, yale ya kupozea injini, linashuka, linanukia utamutamu uleule. Kisha jingine. Maskini, hakina sura wala mafuta ya nywele. Nikakikingia kandambili yangu.

"Nimekuwa nikilia muda mrefu," kikasema. "Mama mwenye nyumba alikuwa akininusa tu. Hakuwahi kuinama."

Mshale kwapani ukaanza kushuka. Mume wangu akaniwekea kiganja utosini, kama fundi anavyogusa kifuniko kujua kama kimepoa.

"Sasa fungua," akasema. "Taratibu."

Tambara likalegea. Nikafumbua mdomo, neno likafika kwenye ulimi, na muadhini wa alfajiri akaniamsha.

Nikasali. Nilipotaka kuvaa kandambili, moja ilikuwa kando ya kitanda. Nyingine nikaitafuta uvunguni, mlangoni, mpaka jikoni. Haipo. Nikajifunika khanga mbili, nikatoka uani, pikapu ilipo, nikafungua mlango wa abiria.

Ilikuwa pale chini ya dashibodi, juu ya zulia lililolowa. Kwenye kishimo cha kisigino yalikuwemo maji ya kijani, kiasi cha kijiko, yananukia.

Shekalaghe akabisha hodi getini, ana watu na mnyororo. Nikamjibu nikiwa nyuma ya mlango wa gari, nimempa mgongo, kwamba mnyororo auweke chini, akamwambie fundi aanzie miguuni pa abiria.

"Na radhi nimempa kaka yako, shemeji."

"Si ulishampa siku ile?"

"Sasa ndiyo nimempa," nikasema, nikaivaa kandambili yangu ikiwa bado imelowa.