Kilio cha Raundi ya Tatu

Wanaosema mtoto mchanga ni malaika, kazi yake kula na kulala, hawajazaa, au walizaa wakampa mtu mwingine alee. Wangu alikuwa halali ila juu ya kifua cha mtu. Ukimlaza kitandani, mgongo ukigusa tu shuka, anafumbua macho kama umemwibia kitu, na hapo atalia mpaka majirani wagonge ukuta. Chupa hataki. Nilinunua za kila aina, na kila moja aliitema akanitazama kwa dharau. Tulimpa jina la babu yake, lakini nyumbani tulimwita Bwana Mkubwa, maana sote tulikuwa watumishi wake.

Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Wahenga hawakukosea hapo. Nywele za mbele zilininyonyoka, kila blauzi ikawa na cheuo begani, na kila mteja aliyekuja kununua nyama buchani ninakofanya kazi alikuwa na ushauri wake kuhusu gesi tumboni. Maziwa nayo hayakuwa na adabu. Mtoto akilia tu, kabla sijamgusa, yanashuka yenyewe. Siku moja alilia mtoto wa jirani, nyuma ya ukuta, wangu amelala fofofo kifuani kwa baba yake, nami nikajikuta nimelowa mpaka kiunoni mbele ya wageni. Mama mkwe alicheka siku hiyo mpaka akashika mbavu. Nami nilicheka. Kumbe mwenzangu alikuwa anaweka akiba.

Mama mkwe alikuwa amekuja kunisaidia uzazi. Alisema wiki mbili, lakini alikuja na cherehani yake, na mgeni wa wiki mbili haji na cherehani. Ni fundi hasa. Pindo la nguo halilazi kwa pasi. Analipitishia ukucha wa kidole gumba cha kulia, ukucha mrefu, mgumu kama pembe, na likilala halinyanyuki tena. Likizo yangu ilipokwisha nikamwachia mtoto nikarudi buchani, ambako kazi yangu ni kukata nyama na kuvunja mifupa. Nitasema haki yake: alimwogesha, alimwimbia, na mchana aliniletea nimnyonyeshe huku nimevaa aproni yangu ya damu. Tulipatana katika yote isipokuwa moja.

Hilo moja ni ngumi. Wanawake wengine wakimaliza kazi hufuma vitambaa. Mimi hupiga watu. Nyuma ya gereji moja mtaani kwetu kuna ukumbi wa mazoezi, una ulingo wenye kamba zilizolegea na kocha mwenye pua iliyopinda, na humo ndani jina langu ni Shoka. Sikuwa nataka ubingwa wa dunia. Nilitaka saa yangu moja ya jioni ambayo hakuna anayeniuliza bei ya maini wala nguo za kufua ziko wapi. Mtu akinipiga najua kwa nini amenipiga, nami nikimpiga anajua. Tukimaliza tunakunywa maji kikombe kimoja. Hakuna raha kama ile, na nilipokuwa mjamzito niliililia kuliko nilivyolilia chakula.

Bwana Mkubwa alipoanza kukaza shingo, nikarudi ukumbini. Nilikuta nafasi yangu imechukuliwa na mwanamke mmoja mpya, dereva wa lori, mikono mirefu, wanamwita Chuma. Siku ya kwanza alinipiga mbavu nikakaa chini mwenyewe bila kuambiwa. Nilirudi nyumbani nikitembea upande upande, mama mkwe akanivua blauzi, akaona, akavimba kwa hasira. Akasema mama anayenyonyesha hapigwi. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamtolea uvivu, nikamwambia guu ni langu. Ugomvi ukawa wa kila siku, mpaka mume wangu, fundi wa friji, mtu wa amani anayeweza kukaa ndani ya kelele kama samaki ndani ya maji, akatuomba tufike mwisho.

Tukafika mwisho, na mimi ndiye niliyejitia kitanzi. Kocha alikuwa ameandaa pambano la mimi na Chuma, watu waje waone. Nikasema mbele ya mume wangu na mama yake: nikipigwa na Chuma, natundika glovu, sitakanyaga tena ukumbini maisha yangu yote. Nikishinda, asiwepo wa kunifungulia mdomo kuhusu ngumi ndani ya nyumba hii. Mama mkwe alikuwa ameshika pindo mkononi. Akaliweka chini, akasema sawa, na kwamba siku hiyo yeye mwenyewe atanibebea mtoto. Nilishukuru. Nilidhani amenyoosha mikono.

Kwa kuwa chupa hataki, mtoto ilibidi awe karibu. Kocha aliujua udhaifu wangu, kwa hiyo akaagiza mama mkwe akae na mtoto kwenye ofisi ya gereji, mlango umefungwa, nisimsikie. Nilimnyonyesha mpaka akalegea. Nikajifunga kifua kwa bendeji mara mbili, nikavaa glovu, nikapiga moyo konde.

Raundi ya kwanza sikuiona vizuri. Chuma aliniingia kabla kengele haijanyamaza, akanichana mdomo kwa konde la kwanza, na la pili likanifunga jicho la kushoto. Nilikuwa namtafuta na ngumi zake zinanipata. Alinibana kwenye kamba akanitwanga tumboni, pale pale nilipokuwa bado sijakaza tangu nizae, nikahisi matumbo yanapanda. Nilitema damu kwenye ndoo. Kocha akaniambia hasira hasara, Shoka, mwache aje.

Raundi ya pili nilimwacha aje. Akija, nainama, nampa moja ya mbavu. Akija tena, nampa pale pale. Mimi navunja mifupa kila siku ya Mungu. Najua mahali panapoachia. Kuelekea mwisho wa raundi nilisikia pumzi yake imebadilika, ikawa na filimbi ndani yake. Kwenye kona nilimwona anashika ubavu, anatikisa kichwa, mtu wake anambembeleza.

Raundi ya tatu nilimwendea mimi. Nikamvunja pua. Sikuona tu, nilihisi kwenye glovu, kitu kikalegea, na damu ikamwagika mpaka kwenye fulana yangu. Akarudi nyuma, nikamfuata. Nikampiga taya, goti lake moja likagusa turubai, akainuka, nikamrudisha kwenye kamba. Watu walikuwa wamesimama juu ya viti wanaita Shoka, Shoka. Mikono yake ilikuwa imeshuka. Nilikuwa nimevuta mkono wa kulia mpaka nyuma, nao ungeshuka tu, pambano lingekwisha.

Ndipo mtoto akalia.

Hakulia mbali, ofisini. Alilia pale pale, nyuma ya mlango wa pembeni wa ukumbi. Na hakikuwa kilio cha njaa wala cha usingizi. Vilio vyake vyote nilikuwa navijua, na hicho sikuwa nimewahi kukisikia: kikali, kimoja, kama mtu aliyechomwa. Maziwa yakashuka. Yalipita bendeji zote mbili, yakanipasha joto kifuani, mikono ikapoa, na kichwa changu kikageuka chenyewe kutazama mlangoni. Chuma hakunionea. Ndani ya ulingo ukigeuza kichwa umejipa mwenyewe. Ngumi yake ilinikuta kwenye sikio, nikaenda chini uso kwanza, na nilipofumbua macho mwamuzi alikuwa amemaliza kuhesabu.

Nilitoka ulingoni nikitambaa, glovu mkononi bado, damu na maziwa vimechanganyika kwenye fulana. Mama mkwe alinipokea mlangoni, mtoto yuko begani kwake, ana kwikwi. Akasema alimtoa nje apunge upepo, ndipo akaanza kulia ghafla, watoto ndivyo walivyo. Alinifuta uso kwa kitambaa chake. Akasema pole sana, mwanangu. Usiku ule alinikanda kwa maji ya moto, nepi zote akabadilisha yeye, na glovu zangu akazitundika yeye mwenyewe kwenye msumari ukutani, juu ya cherehani, kamba zimefungwa fundo.

Nililia. Sikulia kwa sababu ya jicho. Nililia kwa sababu saa yangu moja ya jioni ilikuwa imekufa, na sikuwa na wa kumlaumu, maana mtoto halaumiwi.

Asubuhi nilikuwa namwogesha Bwana Mkubwa mimi mwenyewe, kwa jicho moja, kwenye beseni pale sebuleni. Mume wangu alikuwa anakunywa chai. Mama mkwe alikuwa kwenye cherehani, analaza pindo la shati la mteja. Nikanyanyua mguu wa mtoto nimsugue mikunjo ya paja, nikaona alama. Upande wa ndani, juu, mahali nepi inapofunika. Doa jeusi la damu iliyovilia, na pembeni yake mkato mdogo, umepinda kama mwezi mwandamo, ngozi imepasuka.

Nilimtoa majini nikamlaza kwenye taulo mezani. Nikamwita mama mkwe aje aone. Akaja, akatazama paja, hakunitazama mimi. Akasema ni mdudu. Nikamshika mkono wake wa kulia, taratibu, nikakiinua kidole gumba, nikausogeza ule ukucha mpaka pembeni ya alama. Ulikaa sawasawa. Mume wangu akaweka kikombe chini.

"Nilimfinya mara moja tu," mama mkwe akasema. "Ulikuwa unapigwa, mwanangu. Nilitaka ushuke kabla hujauawa mbele ya mwanao."

"Nilikuwa nashinda, mama."

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Najua. Nilikuwa nachungulia. Ungeshinda usingeacha tena."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilisikia ngumi yangu inafunga. Mume wangu aliinuka, kiti kikaanguka, akaniita kama anavyoniita tukiwa wawili tu, akaniomba nisifanye. Sikumpiga mama mkwe. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu ningempiga angekufa, ni mtu mzima yule. Nilimkunja mkono wa nguo mpaka begani, nikachukua ile nyama laini ya ndani ya mkono, nikaifinya.

Nilifinya kwa vidole hivi vinavyotenganisha viungo vya ng'ombe. Nilifinya nikazungusha. Alikakamaa akanitazama usoni, machozi yakamjaa, lakini mdomo hakufungua, na kwa hilo nilizidi kukasirika, nikataka alie, nikataka alie kilio kile kile. Mume wangu alikuwa ananivuta bega na nilikuwa simsikii. Ulingoni sijawahi kumchukia mtu, hata Chuma. Pale nilichukia, na ilinipendeza. Ngozi ikaachia, nikahisi unyevu, na bado nilikuwa nina nguvu za kuendelea mpaka nikutane na mfupa.

Mtoto akalia. Alikuwa uchi kwenye taulo, amelowa, baridi imemshika, hakuna aliyekuwa anamkumbuka. Alilia kilio chake cha kawaida cha kutaka watu wake. Na maziwa yakashuka, palepale, bila kuniuliza, yakalowesha gauni, na vidole vyangu vikalegea vyenyewe kama mikono ilivyolegea jana yake mbele ya Chuma.

Mama mkwe alirudi nyuma hatua moja. Damu ilikuwa inamtiririka kuelekea kiwikoni. Hakuifuta. Alimfunika Bwana Mkubwa kwa taulo, akamkunja vizuri miguuni, akamnyanyua, akaninyooshea.

"Mnyonyeshe," akasema.

Nikamnyonyesha nimesimama, macho yangu kwenye macho yake. Hakuna aliyeomba msamaha, wala yeye wala mimi. Mume wangu, mtu wa amani, alipanda juu ya kiti cha cherehani, akazitoa glovu ukutani, akaanza kufungua lile fundo. Mama yake alikuwa amelikaza vibaya, akalihangaikia kwa meno.

Jumamosi nilirudi ukumbini, na mtoto alibaki nje na baba yake. Mama mkwe hakuondoka, na sikumfukuza, maana sina mwingine wa kumwachia, na ukweli ni kwamba hakuna anayembembeleza kama yeye. Ukucha ule aliukata mwenyewe jioni ile ile, kwa mkasi wake wa kazi, na siku hizi pindo analilaza kwa pasi. Lakini kila nikitoka buchani, kabla sijavua aproni, namvua mtoto nguo, namkagua mapaja yote mawili mbele yake, naye hukaa akisubiri nimalize.