Mkaguzi wa Helikopta ya Mbao

Majirani zetu hapa mtaani Free Area wanadhani nachonga toi za watoto za kuuza. Wacha wadhani. Helikopta iliyo kwenye meza yetu nimekuwa nayo tangu Pasaka, na mtu mwenye akili timamu angekuwa ameshaimaliza, lakini mimi sitaki iishe.

Baba yangu, Mzee Kigen, alikuwa fundi wa ndege jeshini. Alihudumia Puma, helikopta kubwa ya kubeba wanajeshi, na alipostaafu akaanza kuichonga kwa mbao, sentimita mbili kwa kila mita ya ndege yenyewe. Kisha akaanza kusahau. Alisahau funguo, akasahau njia ya kanisani, akasahau kwamba Mama alifariki. Tulimwambia upya kila alipouliza, naye akalia upya, mpaka nikashindwa kabisa, nikawa nasema Mama ameenda sokoni. Siku moja akaniuliza kwa adabu mimi ni mtoto wa nani. Niliingia jikoni nikalia kwa sauti.

Dawa niliipata kwa bahati. Nilichukua ile helikopta aliyoiacha katikati, nikabandika propela ya mkia nilivyodhani inafaa, upande wa kushoto. Baba akaigeuza mkononi mara moja tu.

"Chemutai! Hii ni ujinga gani? Tail rotor ya Puma iko right side. Huku left ni stabilizer, ile bawa ndogo. Toa!"

Jina langu lilimtoka bila kulitafuta. Nilitoa ile propela kwa furaha.

Alinieleza kwamba jeshini fundi hajikagui. Hata ukifunga nati moja, lazima mtu wa pili aje aangalie kwa macho yake, na asiporidhika unafungua unaanza tena. Basi tukawa hivyo, mimi fundi, yeye mkaguzi, nami nikawa fundi mbovu wa makusudi. Niliweka propela ya juu yenye mapanga matatu badala ya manne. Nilitengeneza mlango wa kufunguka kama wa gari, kumbe wa Puma unasukumwa ukateleza kando. Alinigombeza vibaya sana, na kila akinigombeza alijua mimi ni nani. Alikumbuka nyumba yetu ya kambini Nanyuki na jinsi nilivyoziba masikio ndege zikipita. Utotoni mwangu baba hakuwa mtu wa kupiga stori na binti yake. Miezi hiyo tuliongea zaidi kuliko maisha yote yaliyotangulia.

Ndugu yangu Kibii alikuja Jumapili moja kutoka Naivasha, akaiangalia meza, akacheka.

"Chemu, si umalize hii kitu? Kila nikikuja iko na makosa mpya. Si uangalie tu picha kwa Google?"

"Anza kumtafuta baba kwa Google," nikamwambia. "Ukimpata uniambie."

Alikunywa chai yake. Sikumwomba msamaha, na sitamwomba.

Mvua za Agosti zilipokolea, ukaguzi wenyewe ukaanza kwenda mrama. Baba aliniamuru ning'oe magurudumu niweke vyuma vya kutelezea. Hiyo ilikuwa helikopta nyingine, ile ndogo aliyoanzia kazi. Puma inatua kwa magurudumu, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Lakini alikuwa ameniita Chemutai. Nilichukua koleo nikayang'oa, nikakunja waya, nikabandika. Angetaka mabawa ya kuku ningeyaweka.

Baadaye jina lenyewe likaadimika. Nilifanya makosa makubwa zaidi, naye akazidi kuwa mpole, na upole wake ulinitisha kuliko kelele zote.

Leo asubuhi nimeng'oa propela yote ya juu. Nimempelekea barazani helikopta isiyo na kitu kichwani, nikasimama mbele yake nikiomba moyoni anitukane. Ameipapasa kuanzia puani hadi mkiani, taratibu, kwa vidole vilevile vya fundi.

"Kazi safi, mama," akasema. "Hii inaweza kwenda."

"Angalia vizuri, mzee. Hakuna kitu inakosekana?"

"Hakuna. Iko sawa kabisa." Akanirudishia kwa mikono miwili. "Nani alikufunza hii kazi?"

"Baba yangu."

"Ni mtu wa ndege?"

"Ndiyo. Alikuwa Air Force."

"Huyo anajua kazi," akasema, na uso wake ukachangamka jinsi ambavyo sijauona ukichangamka kwa wiki nyingi. "Mlete siku moja tuongee. Hapa sina mtu wa kuongea naye."

Nikamwambia nitamleta. Akafurahi, akainuka kwa taabu, akaingia ndani kumtafutia mgeni wake kiti.