Mgomba wa Shimo la Nne

Saa kumi na mbili asubuhi Katungu alianza kukata majani kwenye kiwanja cha gofu, nje kidogo ya Butembo. Kiwanja kilikuwa na mashimo tisa. Mzungu mwenye shamba la kahawa alikitengeneza zamani za Wabelgiji, pahali palipokuwa na nyumba tisa. Aliacha miti mikubwa kwa ajili ya kivuli, akang'oa migomba, akawahamisha wenye nyumba. Mwaka 1999 komanda wa waasi alikifungua tena.

Asubuhi hiyo, katika shimo la nne, kijiti cha bendera kilikuwa kimeota majani. Saa sita kilikuwa mgomba wenye mkungu. Komanda alipiga mpira, ukagonga mgomba, ukamrudia miguuni.

"Secrétaire, andika," akasema. "Mupira ikigonga mugomba, mutu anapiga tena."

Melchior, karani wake, akaandika kwenye ubao wa kanuni.

Katungu alimleta baba yake, Syauswa. Tangu vita viwafukuze kijijini Vuhovi, walikuwa wakilala jikoni kwa watu, bila hata mstari mmoja wa maharage. Mzee aliupapasa mgomba.

"Ni wangu. Kitovu yangu mama aliizika hapa chini."

"Papa, uko sûr?" Melchior akauliza.

"Weye unaweza kusahau mukono yako?"

Kufikia Jumapili bendera zote tisa zilikuwa migomba, na familia tisa zimekuja, kila moja imesimama kwenye mgomba wake. Komanda aliwasikiliza mpaka mwisho. Hakubishana na mtu.

"Ni kweli," akasema. "Hii udongo ni yenu."

Syauswa akavua kofia. "Donc tulime, chef? Maharage inapandwa mwezi huu."

"Kulima? Hapana, papa. Lakini majina yenu itajulikana."

Kesho yake Melchior alipigilia vibao tisa vya rangi ya kijani. Askari walikata mikungu, wakaipakia garini. Katungu, aliyeishia darasa la tatu, alimsomea baba yake kibao cha nne, herufi moja moja: SHIMO SYAUSWA.

"Wameandika muzuri?"

"Wameandika muzuri, Papa."

Mzee akatikisa kichwa, akavaa kofia, akashika njia ya kurudi jikoni kwa watu. Katungu akachukua panga lake. Akayakata majani kuzunguka mgomba wa baba yake, mafupi kabisa, ili mpira upite.