Mkono wa Tatu Kutoka Mlangoni

Si kila siku fundi cherehani anaalikwa kutazama kazi ya mwanawe kwenye ukumbi wa maonyesho, kwa hiyo mama huyo alijipamba hasa. Mumewe, sajenti mstaafu, alipiga suti pasi mpaka mkunjo wa suruali ungekata nyanya.

Binti yao, Kitinda, alikuwa amefinyanga mikono. Mikono ya udongo wa kuchoma ilijaa ukutani, kila mmoja umekamata rungu. Aliitoa kwenye picha za siku ya yale maandamano, askari walipowavunja vijana mifupa barabarani. Nyuso zilifichwa na helmeti. Mikono haikufichwa.

"Umewapatia kweli, mwanangu," sajenti alisema, akicheka kidogo. Yeye siku ile, kama alivyowaambia nyumbani, alikuwa akilinda stoo ya sare.

Mama akapita taratibu akitazama. Kwenye mkono wa tatu kutoka mlangoni, akasimama. Kidole cha shahada kimepinda kama ndoana, na kovu limekizunguka. Kidole kile alikikanda mwenyewe kwa maji ya moto, mlango wa gari ulipokiponda.

"Baba Kitinda," aliita. "Hebu weka mkono wako hapa."

Sajenti akautia mkono mfukoni.

Mama akamgeukia binti yake. "Ulijua?"

"Mwanzoni sikujua, mama. Nilikuwa nafuata picha tu. Nilipofika kwenye kovu, kisu kikanidondoka. Nililia siku hiyo mpaka sauti ikakauka."

"Na bado ukaendelea?"

"Sasa ningefanyaje? Mikono ya baba za watu niianike, wa baba yangu niufiche?"

Watu waliokuwa karibu wakageuka kuwatazama. Sajenti akajikohoza. "Ilikuwa amri," akasema.

"Na amri ya kunidanganya mimi ilitoka kwa nani?"

Sajenti akatoka nje bila kuaga, na mkewe hakumfuata. Alijikalisha kwenye benchi. Kitinda akaketi ubavuni mwake.

Hatimaye mama akauliza, "Aliyepigwa na mkono huu, yu hai?"

"Yupo, mama. Ila sikio moja halisikii tena."

"Unapajua kwao?"

"Napajua."

"Basi kesho nipeleke," mama alisema. "Sijui nitamwambia nini. Lakini nipeleke."