Presha ya Kwanga

Glodi alikuwa mtu wa kuvaa. Si nguo, nguo alivaa kama vijana wengine wa mtaa wa Mangobo. Alivaa mitambo. Mkono wa kushoto saa inayowaka, mkono wa kulia saa nyingine ya kuwaonyesha wateja, kidoleni pete ambayo, kwa maneno yake, ilipima usingizi, na masikioni vidude viwili vyeupe kama uyoga ulioota kwenye gogo. Pélagie alimtazama kila Jumapili akiingia uani, akajiuliza kama binti yake Nicole amechumbiwa na mwanaume au na duka.

Hakulisema. Yeye na mume wake walikuwa watu wa mto, wa kutoka Isangi, na kwao mama mkwe hamkosoi mkwe ana kwa ana. Hali chakula mbele yake, hamwiti kwa jina. Anamwita bokilo, yaani mkwe, anaangalia chini, na akiwa na neno analipitisha kwa mtu mwingine. Kwa hiyo Pélagie, ambaye sokoni aliuza mafuta ya mawese kwa ukali uliowafanya wanunuzi wasahau walitaka kupunguziwa, kila Jumapili alifunga mdomo, na dharau ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Pete ya kupima usingizi, katika mtaa ambao mbu na jenereta ya baa walikwisha kuupima usingizi wa kila mtu na kukuta haupo. Jirani aliuziwa na Glodi mzani wa kupimia uzito unaosema Kichina. Kila asubuhi anaupanda, unamwambia jambo, anashuka na kuushukuru. Tena Glodi hakuwa tapeli. Pélagie angemheshimu kidogo kama angekuwa tapeli, maana tapeli walau anajua anachokuuzia. Huyu aliamini.

"Mama, hana ubaya," Nicole alimwambia mara nyingi. "Anapenda tu watu wakuwe muzuri."

"Anapenda watu wakuwe na betri," Pélagie akajibu.

Mambo yangebaki mzaha kama Glodi asingemletea baba mkwe zawadi. Papa Constant, mume wa Pélagie, alikuwa seremala. Katika mvua za mwaka uliopita alianguka karakanani, na kwenye kituo cha afya muuguzi Adèle akakuta presha yake imepanda vibaya. Akampa vidonge vya kunywa kila asubuhi maisha yake yote, akamkataza chumvi na kubeba mbao. Constant alikuwa ameogopa, akatii. Ndipo Glodi akaja na saa.

"Papa, hii iko napima tension, ile presha," alisema huku akimfunga mkononi kwa upole, kama mtu anayemvisha mtoto. "Hakuna kupanga mulongo kituoni. Unabonyeza hapa, unangoja, bon, namba inatoka."

Namba ikatoka: kumi na mbili kwa nane, na chini yake moyo wa kijani.

"Hiyo tension ni ya kijana. Papa utazika sisi wote."

Juma lililofuata vidonge vilibaki kwenye kopo lao. "Dawa ni ya mugonjwa," Constant alisema. "Na saa inasema niko muzima." Akaanza tena kushuka bandarini na kurudi na mbao begani, shingo imemvimba, na akifika anabonyeza, na moyo wa kijani unamsifu.

"Constant, kunywa dawa," Pélagie alimwambia.

"Bokilo amenipa saa, halafu mimi ninywe dawa? Ataona namuita mwongo."

Shida yote ilikuwa hapo. Mahari ilikuwa bado haijamalizika, na zawadi ya mkwe katika siku hizo inavaliwa. Ukiivua umemvua aliyeitoa, ukiitilia shaka umemtilia yeye. Constant hakuwa mjinga wa mitambo tu, ujinga huo unatibika. Alikuwa na adabu. Aliogopa kumwaibisha mkwe kuliko alivyoogopa kufa, na Pélagie alijua kwamba kwa adabu ya namna hiyo mtu huzikwa akisifiwa.

Siku moja Constant alishinda amesimama palepale akiranda mlango. Jioni saa ikatetemeka na kumpongeza kwa matembezi marefu.

"Ulienda wapi?" Pélagie akauliza.

"Sikutoka."

"Lakini saa inasema umekaribia Yanonge, kule mbali."

"Ni mukono ndiyo ulitembea," Constant alisema, naye akacheka. Pélagie hakucheka. Saa isiyojua kutofautisha mtu anayeranda na mtu anayesafiri, je, ndani ya damu inajua nini?

Jumamosi mume wake alipokwenda kuoga aliiacha saa kwenye kigoda. Pélagie alikuwa jikoni akipanga kwanga, ile mihogo iliyosagwa na kupikwa ndani ya majani, kila moja nene kama kifundo cha mkono. Akachukua moja, akaifunga saa, akabonyeza.

Kumi na mbili kwa nane. Moyo wa kijani.

Akajaribu nyingine. Hata hiyo ilikuwa na afya njema.

Alimwita mume wake, akaja na taulo kiunoni, akaona saa imefungwa kwenye chakula, uso ukabadilika. "Toa hiyo. Zawadi ya bokilo haichezewi."

"Angalia namba."

"Siangalii." Akaivua kwenye kwanga, akaipangusa, akaivaa, akaondoka bila kuitazama.

Pélagie akaelewa. Constant asingekubali kuona jambo ambalo mkwe wake hajaliona. Ilibidi waone pamoja.

Jumapili Glodi alikuja na shati jeupe na uyoga wake masikioni. Nicole akaleta maji ya kunawa. Constant akavua saa, kwa sababu kitu hicho kilichosemwa hakiogopi maji kilikuwa kimekwisha kufa mara mbili kwa sabuni, akaiweka ukingoni mwa sinia. Pélagie akaingia na sahani ya kwanga, akapiga magoti, akainamisha kichwa kama inavyotakiwa. Kisha akachukua kwanga moja, akaifunga saa, akairudisha sahanini.

"Mbote, Papa Kwanga," akasema kwa adabu kubwa. "Umelala muzuri?"

Nicole akashika mdomo. "Mama."

"Nyamaza, naongea na mugeni. Papa Kwanga, ulikunywa dawa? Hapana? Ulibeba mbao? Hata mikono hauna, maskini. Bon, tupime."

Akabonyeza. Walisubiri wote, na hakuna aliyegusa chakula. Saa ikatoa mlio wake wa furaha, na Pélagie akaigeuza sahani taratibu ili wanaume wote wawili wasome.

"Douze-huit, kumi na mbili kwa nane," akaiambia kwanga. "Tension ya kijana. Utazika sisi wote."

Glodi akaisogelea saa. "Mama, donc... inategemea. Pengine saa inahitaji mise à jour, programu mupya. Kama connexion ya internet iko..."

"Papa Kwanga," Pélagie akasema, macho chini bado, "sikia, unahitaji connexion."

Constant akaifungua saa kwenye kwanga, akaivaa mwenyewe, akabonyeza. Kumi na mbili kwa nane. Akaitazama kwanga, akautazama mkono wake. Alikuwa mtu wa kupima kitu kabla ya kukikata, na hapo mbele ya mkwe wake alionekana mzee ghafla.

"Kichwa kinaniuma," akasema. "Juma yote kinaniuma. Sikutaka kusema."

"Haukutaka kusema mbele ya nani?" Pélagie akauliza, na safari hii hakuuliza kwanga.

Aliyesimama wa kwanza alikuwa Glodi. Alivuta pikipiki yake, akampakia baba mkwe katikati, Nicole nyuma amemshika, akaendesha polepole hata baiskeli zikawapita. Kituoni Adèle alimfunga Constant kile kitambaa chake cha zamani cha kupimia presha, akapampu, akasikiliza, akapampu tena. Ishirini kwa kumi na mbili. Akamwambia alale pale pale, asinyanyuke hata kwa kukojoa. Glodi alisimama mlangoni akiitazama ile pampu ya mpira isiyo na taa wala rangi, na machozi yakamtoka waziwazi. Pélagie, aliyefika kwa miguu, alimwona. Akaona ni sawa alie.

Constant alirudi nyumbani baada ya siku kadhaa, na vidonge vikarudi katika asubuhi zake. Kwa juma zima hakusema na mke wake zaidi ya neno la lazima, kwa sababu ya aibu ya ile sahani. Pélagie alivumilia. Mume aliyenuna anapumua.

Glodi hakuonekana mpaka alipomtuma Nicole. "Anauliza," Nicole akamwambia mama yake, "kama mutu angependa kuleta kitu katika nyumba hii, kitu cha kusaidia kweli, alete nini."

Hakuna aliyewahi kumwuliza Pélagie swali hilo. Wenye mitambo huja na jibu tayari. Aliwaza umeme unaokuja unapotaka, mikono ya seremala iliyojaa vumbi, macho yasiyosoma maandishi madogo.

"Mwambie alete kama ile ya Adèle," alisema. "Ya kupampu. Isiyoomba courant ya umeme, isiyosifu mutu. Na mwambie hatuna mutu wa kuitumia. Aende ajifunze."

Alikwenda. Adèle alimfanyisha mazoezi kwa kila mgonjwa aliyekubali, akamtukana mpaka masikio yakazoea kusikiliza. Jumapili moja akaingia uani, mikono mitupu bila saa, hata masikioni hakuna kitu ila mirija ya mpira ya kusikilizia mapigo. Akapiga magoti mbele ya Constant, akamfunga mkononi kitambaa kama kile cha Adèle, akapampu vibaya kama mtu anayejaza tairi lenye tundu, akaomba msamaha, akaanza upya.

"Kumi na sita kwa kumi," akasema mwishowe. "Papa, haiko muzuri. Imeshuka, lakini haiko muzuri."

Pélagie alikuwa nyuma ya pazia. Kwa mara ya kwanza alimwamini. Akarudi jikoni, akatoa makayabu, yule samaki wa chumvi ile aliyokatazwa Constant, kwenye sufuria kabla hajaiva.