Kiti cha Kando ya Dereva

Shiundu alipoambiwa kazi ya trela imepatikana, alisema "sawa," kisha akaendelea kupangusa kioo cha gari. Si kwamba hakusikia. Alisikia vizuri sana. Ila kwa mwaka mzima sasa, chochote ulichomwambia, kiwe kizuri au kibaya, alikupa "sawa" ile ile, na ukitaka nyingine hana.

Wanzala, rafiki yake tangu wakiwa vijana mtaani Gatwekera, Kibera, alikuwa amekuja mpaka Kawangware kumletea habari hiyo mwenyewe, na alitarajia angalau kupigwa pambaja. Wanzala huendesha trela la simiti kutoka Mombasa kupita Malaba hadi Kampala, na mara nyingine hadi Juba. Ana kitambi cha barabarani na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Shiundu yeye huendesha gari la maiti. Kampuni yao ni ndogo, iko nyuma ya maduka ya Kawangware, na kazi yake ni moja tu: kuwachukua watu waliokuja Nairobi kutafuta riziki na kuwarudisha kwao Magharibi wakiwa wamelala.

"Buda, umeskia vile nimesema?" Wanzala aliuliza. "Boss amekubali. Leseni ya magari makubwa unayo. Anataka jibu Jumatatu, la sivyo anampatia mtu mwingine."

"Nimeskia."

"Sasa?"

"Sijui, Wanzala."

"Hujui nini? Hii yako ni kazi gani? Kila siku vilio, kila siku mashangazi wanajitupa kwa boneti. Simiti haina shangazi, bro. Unapakia, unaendesha, unashusha. Hakuna mtu analia."

Shiundu aliyapima maneno hayo, akaona ni ya kweli, na hayakumgusa hata kidogo. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Mwenye njaa ukimwekea ugali na chapati atachagua, lakini aliyeshiba atavitazama tu mpaka vipoe. Akamwambia Wanzala atampigia, akarudi kwenye kioo chake, ingawa kilikuwa safi tayari.

Jioni alitembea kurudi Gatwekera, akamkuta mkewe Nelima akikatakata sukuma mlangoni, akamweleza. Alimweleza kama mtu anayesoma tangazo la kukatika kwa stima.

"Na wewe unataka nini?" Nelima akauliza.

"Yoyote."

"Yoyote si jibu, Baba Mourine."

Nelima alikuwa na hofu yake, na hakuificha. Mume wa jirani yao mmoja alikuwa wa matrela. Bwana huyo akirudi nyumbani hubisha hodi kwenye mlango anaoulipia kodi, na watoto wake humsimamia wima kama wanavyomsimamia mwalimu mkuu. Nelima hakutaka mume wa hodi. Lakini akimtazama huyu aliyekuwa naye, ambaye hulala Kibera karibu kila usiku na kumaliza ugali wake bila kujua ameula na mboga gani, alijiuliza tofauti iko wapi. Mwanamume aliyemuoa, yule aliyekuwa akicheka mpaka majirani wagonge mabati, hajaonekana tangu walipomzika mama mkwe. Kwa mwaka mzima Nelima amekuwa akimngojea arudi, na huyu ameketi pale pale mezani.

"Kama ungekuwa umelia hata siku moja," alisema, "ningejua nakaa na mtu."

"Sawa," Shiundu akajibu.

Nelima akatupa kisu ndani ya sufuria, angalau hicho kikalia.

Ili ujue kilichomfunga huyu bwana, lazima ujue kwanza kiti cha kando ya dereva. Watu wa kwao hawampeleki maiti nyumbani kimyakimya kama gunia. Mtu wa karibu wa marehemu hukaa mbele, kando ya dereva, na kazi yake ni kumwelezea njia. Mama, sasa tunatoka Nairobi. Mama, hapa ni Naivasha. Mama, tunavuka mto. Wazee husema asiyeambiwa hubaki njiani, hajui kama amefika. Kwa miaka mingi Shiundu amewasikia wana wakiwaambia baba zao, na wake wakiwaambia waume, na yeye amekaza macho barabarani, kwa kuwa kazi ya dereva ni breki na usukani.

Mama yake alipofariki, Shiundu alisema atamwendesha mwenyewe, na kila mtu akaona hilo ni jambo la heshima. Ndugu wakapanda basi la nyuma. Kile kiti kikabaki kitupu, maana wote walijua mwanawe yuko mbele, ataongea. Na Shiundu, kwa mazoea tu, akashika usukani akawa dereva. Aliangalia matuta, akaangalia askari wa trafiki, akasikiliza breki za nyuma zilizokuwa zikilalamika. Alipozima gari nyumbani kwao Misikhu, wanawake wakaanza kulia, ndipo alipogundua kwamba hakuwa amefungua mdomo tangu Nairobi. Amemleta mama yake njia nzima bila kumwambia neno.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na aanzie wapi? Kitu ndani yake kilikaa chini siku ile, na hakijainuka tena.

Jumamosi walimpa safari ya Mama Nabwire wa Kambi Muru, huko huko Kibera, aliyekuwa akiuza dagaa wa omena hapo tangu enzi za chama cha KANU, ile ya baba na mama. Gari haliwezi kuingia huko ndani, kwa hiyo vijana walilibeba jeneza begani, wakipinda nalo kwenye vichochoro ili marehemu apite mlangoni pake aage. Kisha wakalirudisha barabarani. Ndugu wakajaza basi, na mbele, kando ya Shiundu, akaketi Rosebella, binti pekee wa marehemu.

Rosebella alizaliwa Kibera, akasoma Kibera, akaolewa Kawangware. Kwao alipelekwa mara moja tu, akiwa mgongoni. Walipopita Westlands akajikohoza na kusema, "Mum, tumetoka," halafu akanyamaza. Kufika Rironi akamgeukia Shiundu, uso umemwiva kwa aibu.

"Uncle, hapa panaitwaje? Wamenituma nimwambie njia, na mimi njia siijui."

Shiundu hakuwa mtu wa kuongea kazini. Lakini kuna maswali ambayo hata mtu aliyekauka hawezi kuyanyima jibu.

"Rironi," akasema.

"Mum, hapa ni Rironi."

Wakaenda hivyo. Shiundu anataja, Rosebella anapeleka nyuma. Naivasha. Gilgil. Nakuru. Salgaa, ambapo matrela yalikuwa yamejipanga pande zote mbili, na matanboi, wasaidizi wa madereva, wameinama kando ya jiko wakigeuza ugali. Shiundu akayatazama kama mtu anayeangalia nyumba ya kupanga, asione cha kukataa wala cha kupenda. Timboroa ikaja na ukungu wake, halafu Burnt Forest, halafu Eldoret. Rosebella akazoea, akaanza kuongeza yake. Mum, hapa kuna kondoo wengi. Mum, hapa ungeshikwa na baridi. Shiundu alimsikiliza, na mahali fulani baada ya Turbo alishangaa kugundua kwamba anaingojea zamu yake ya kutaja.

Kabla ya Webuye Rosebella akachoka. Alikuwa amekesha siku tatu za matanga. Kichwa kikaegemea dirisha, akalala, na barabara ikaanza kuteremka kuelekea daraja la mto Nzoia.

Mtoni ndipo pasiporukwa. Huwezi kumvusha mtu Nzoia bila kumwambia. Shiundu alijua anapaswa kumwamsha Rosebella, na mkono wake ukanyanyuka kumgusa bega. Badala yake mdomo ukafunguka.

"Mama," akasema, "tunavuka Nzoia."

Alikusudia Mama Nabwire. Mbele ya Mungu, alikusudia Mama Nabwire. Lakini sauti ilipotoka aliijua ni ya nani na inamwita nani. Akaendelea, hakuweza kuacha. Mama, hii ni Nzoia. Mama, nilikupitisha hapa na sikukuambia. Mama, nisamehe, nilikuwa naangalia breki. Macho yakajaa, barabara ikapotea, na kwa kuwa alikuwa dereva hata katika hali hiyo, akawasha taa ya kushoto, akaegesha kando, akavuta breki ya mkono. Kisha akalaza kichwa kwenye usukani na kulia kwa sauti, kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Basi la nyuma likasimama ghafla. Walio ndani walijua maana yake, au walidhani wanajua: gari la maiti likisimama lenyewe ng'ambo ya mto, marehemu amekataa kuendelea. Shangazi mmoja mnene akashuka mbio akiwa na kiatu kimoja, akajitupa kwenye mlango wa nyuma.

"Nabwire! Nabwire wetu, tumekukosea nini? Ni ile kanga? Nitairudisha, haki ya Mungu nitairudisha! Twende nyumbani!"

Wengine wakamzunguka, kila mmoja akiungama lake. Rosebella akashtuka usingizini, akamwona Shiundu, akaelewa upesi kuliko wote. Akatoa kichwa dirishani.

"Wacheni!" akapaza sauti. "Si Mum amekataa. Ni dereva."

Shangazi akamtazama Shiundu, aliyekuwa akichuruzikwa na machozi mpaka kwenye kola, akauliza jambo moja tu. "Ni nani wako?"

"Mama yangu."

"Lini?"

"Mwaka jana."

Shangazi akatikisa kichwa, akavua leso yake akampitishia dirishani. Walimngojea mpaka akamaliza. Hakuna aliyemharakisha, na kanga haikutajwa tena.

Jumapili jioni alifika Gatwekera. Nelima alimwona mlangoni macho yamevimba, akaacha alichokuwa akifanya. Shiundu akaketi kitandani akamweleza yote, Misikhu na Nzoia na kile kiti kitupu, na katikati ya maelezo akalia tena. Nelima akamshika kichwa kifuani. Alikuwa na furaha kubwa kiasi cha kuona haya, maana si vizuri kufurahia mumeo akilia.

Alipotulia, Shiundu akasema, "Nitaenda na Wanzala."

Mikono ya Nelima ikasimama.

"Siwezi tena ile kazi," akasema. "Niliiweza kwa sababu sikuwa nasikia kitu. Sasa nasikia. Nikimpakia mama ya mtu kesho, sitafika hata Rironi."

Nelima aliona ni kweli, na ukweli huo ukamuuma vibaya.

"Nimekungojea mwaka mzima urudi," akasema mwishowe. "Siku umerudi ndiyo siku unaniaga."

"Nitakuwa napiga simu. Kila mahali. Nikifika Naivasha nitakuambia niko Naivasha. Nikifika Salgaa nitakuambia, nikifika Malaba..."

Nelima akamziba mdomo kwa kiganja.

"Hiyo ni ya waliokufa," akasema. "Mimi uniambie unarudi lini."